Wiki ya Ishirini na Nne Ilikuja Mara Mbili

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mradi wa maji, pale mtaa wa Bagamoyo mjini Tukuyu, nyumba ya bati jekundu iliyopakana na fundi cherehani. Ilikuwa miaka ile ambayo duka lililokuwa na chumvi na viberiti tu lilianza ghafla kuuza redio, mitumba na sabuni za kila rangi, na wafadhili kutoka Ulaya wakawa wanakuja na miradi yao. Mhandisi wetu, mtu wa Bukoba aliyependa unadhifu, alisafiri kwenda Dar es Salaam akarudi na kompyuta. Mimi nikapelekwa Mbeya wiki tatu kujifunza kuitumia. Niliporudi nilikuwa mtu pekee ofisini aliyeruhusiwa kuivua kitambaa chake cha kufuma.

Ndani yake kulikuwa na programu ya kupangia kazi. Unaandika kazi, kama kuchimba mtaro au kulaza mabomba, na yenyewe inachora mstari wa bluu kuonyesha kazi inaanza lini na kuisha lini. Juu ya mistari hiyo hakukuwa na tarehe kubwa, kulikuwa na namba za wiki. Wafadhili nao waliandika hivyo hivyo katika faksi zao: saruji itafika wiki ya kumi na moja, mkaguzi atakuja wiki ya thelathini. Mhandisi akaamuru na sisi tuongee kwa wiki. Nikawa nachapa ratiba, kila kijiji karatasi yake.

Mwenyekiti wa kamati ya maji kule kijiji cha Isongole alikuwa mama mmoja mkulima wa viazi, mrefu, wa maneno machache. Nilipompa karatasi yake ya kwanza aliitazama juu chini, kisha akaniuliza tarehe zimekwenda wapi. Nikamweleza kwamba siku hizi miradi mikubwa inahesabu wiki. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Mwaka wa kwanza hapakuharibika kitu, nami kichwa kikavimba. Hata nyumbani nilihesabu kwa wiki. Nilimwambia mama yangu kwamba harusi ya dada itakuwa wiki ya thelathini na tano, naye akaniuliza taratibu kama hiyo wiki ina Jumamosi ndani yake.

Mwaka wa pili maji yakafika Isongole. Ikaja faksi: wageni wa ufunguzi watafika wiki ya ishirini na nne, siku ya Jumatano. Nikaifungua programu, nikaitafuta wiki ya ishirini na nne, nikaipata, nikaangalia Jumatano yake. Safari hii yule mama mwenyekiti alikataa kupokea karatasi isiyo na tarehe, kwa hiyo nikaiandika kwa kalamu, kwa mkono wangu mwenyewe. Ndiyo maana baadaye sikuwa na wa kumsingizia.

Jumatano hiyo ilikuwa ya mwezi wa sita, baridi ile ya ukungu inayoingia hadi kwenye mifupa. Kijiji kizima kilikuwa bombani tangu saa tatu. Kamati ilikuwa imechinja ng'ombe. Kulikuwa na masufuria ya ndizi, magimbi na kande, kwaya ya usharika ilikuwa imeshona sare, na utepe mwekundu ulikuwa umefungwa kwenye koki. Ofisa mmoja wa wilaya alikuja na hotuba ya kurasa nne mfukoni.

Tukangoja. Saa sita hakuna mtu. Saa saba tukasikia gari linapanda, na kwa sababu ya ukungu hakuna aliyeliona vizuri. Kwaya ikaanza kuimba, kina mama wakapiga vigelegele, na mzee wa kanisa akasogea mbele na shada la maua. Likatokea lori lililokuja kuchukua viazi. Dereva aliposimama, mzee alikuwa ameshamvika shada kupitia dirishani, na kwa adabu dereva alishuka akatupungia mkono. Kwaya haikuweza kukatisha wimbo katikati, ikaumaliza mpaka ubeti wa mwisho.

Saa tisa yule mama mwenyekiti akaja mahali nilipojibanza nyuma ya mhandisi.

"Mwanangu," alisema, "nyama haisomi kalenda."

Akawaambia watu waanze kula. Walipokula walitaka maji, na maji yalikuwa pale pale ndani ya bomba. Alichukua kisu cha jikoni, akakata utepe, akafungua koki. Watu walishangilia kwa kweli, kuliko ambavyo wangemshangilia mgeni yeyote. Ofisa wa wilaya, kwa kuwa alishaandaa hotuba, aliisoma yote, na aliyekaa kiti cha mgeni rasmi alikuwa dereva wa viazi.

Kesho yake mhandisi alipiga simu ofisi ya wafadhili Dar es Salaam. Nilimtazama usoni alivyokuwa akisikiliza. Aliweka simu chini akasema wageni hawajapotea. Kwao wiki ya ishirini na nne ilikuwa haijafika, ingeanza Jumatatu ijayo. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kwa kuwa tarehe niliiandika mimi, habari hiyo niipeleke mimi.

Nilimkuta mama mwenyekiti shambani, anachimba viazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua mgongo. Nilimweleza kila kitu, na kwamba wageni wangetaka kukata utepe. Jembe liliendelea. Mwisho akasema watakuja, wataimbiwa, lakini ng'ombe mwingine hayupo, watakula viazi. Tena akaweka sharti: mtu atakayewaambia wageni kwamba bomba limeshafunguliwa ni mimi, si yeye.

Jumatano ya pili wageni walifika saa nne kamili. Utepe ulikuwa ule ule, umeungwa kwa fundo mahali ulipokatwa. Nusu ya kwaya ilikuwa mashambani. Mkuu wa wageni, mzungu mnene mwenye Kiswahili kizuri tu, alitazama matope yaliyokanyagwa na ndoo pale chini ya koki, akauliza maji yameanza lini. Mhandisi akanitazama. Nikasimama, nikasema ukweli wote, pamoja na dereva wa viazi.

Mzungu hakucheka mara moja. Aliuliza mwaka ule ulianza siku gani, na mtu akajibu Ijumaa. Akajipiga paji la uso. Akatueleza kwamba programu yetu, inayoanza wiki Jumapili, iliihesabu ile Ijumaa na Jumamosi ya mwanzo wa Januari kama wiki ya kwanza nzima, lakini kwao Ulaya wiki huanza Jumatatu, tena haihesabiwi ya kwanza mpaka iwe na siku nne au zaidi ndani ya mwaka mpya. Mwaka uliotangulia ulianza Alhamisi, hesabu zikalingana kwa bahati. Mzee wa kanisa akataka kujua kwa nini programu na Ulaya wote wawili wamekosea, maana Jumatatu jina lake lenyewe linasema ni ya tatu.

"Kwa hiyo siku mbili ndizo zimekula ng'ombe wetu," alisema mama mwenyekiti.

Hapo ndipo mzungu alipocheka, na watu wote wakapata ruhusa ya kucheka. Alifungua fundo la utepe kwa vidole, akanywa maji, akala viazi sahani mbili. Mama mwenyekiti alimwambia "ndaga fijo", asante sana, akamfungashia vingine.

Siku iliyofuata nilirekebisha mpangilio wa programu. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mahali pamoja tu. Ila nilipobonyeza, namba zote kwenye karatasi nilizokwisha kugawa vijijini zikawa za uongo. Mhandisi akanipa kalamu nyekundu na pikapu ya ofisi, nikazunguka kijiji kwa kijiji nikifuta wiki na kuandika tarehe. Ilinichukua siku tisa. Vijiji ambavyo nilivijua kama mistari ya bluu vilikuwa na mbwa wakali, chai ya maziwa na watu waliotaka kusikia habari ya Isongole kutoka kinywani mwangu. Ilikuwa imenitangulia, na mahali pengine walinisahihisha nilipokosea kuisimulia.