Gitaa la Kumzika Wanyonyi

Shiundu alikuwa nusu kiziwi, na hilo si tusi. Miaka ishirini na miwili aliimalizia katika kiwanda cha misumari huko Industrial Area, Nairobi, mashine zikigonga kuanzia saa moja asubuhi, na vizibo vya masikio vikigawiwa siku ya wageni tu. Mtu akitoka humo na masikio mazima, jua hakuwa akifanya kazi. Nyuzi nene za gitaa bado alizisikia kwa mbali, kama jirani anayeongea nyumba ya tatu. Zile nyembamba alizihisi kwa vidole tu.

Lakini gitaa alilijua. Chama cha mazishi cha watu wa magharibi pale Mukuru kwa Njenga hakikumsafirisha marehemu yeyote nyumbani bila Shiundu. Vidole vilikuwa vyake, masikio yalikuwa ya Wanyonyi. Huyu Wanyonyi alikuwa bawabu wa kiwanda hichohicho, alikaa getini mbali na zile kelele, na ndiye aliyeimba na kutuni gitaa. Shiundu angeuliza, "Iko sawa?" Wanyonyi angetikisa kichwa, akazungusha skrubu hii na ile, akasikiliza, akatikisa tena. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukubali mara ya kwanza. Waombolezaji walisimama juani wakimngoja na kumlaani kimoyomoyo.

Gitaa lao la zamani lilikufa mwezi wa nne njiani kwenda Malava. Lilikuwa juu ya basi, kwenye keria, pamoja na viti na sufuria za matanga, na sufuria moja ikalilalia hadi likapasuka tumbo. Wakati huo miguu ya Wanyonyi ilikuwa imeanza kuvimba. Figo. Mwezi wa nane alikuwa akioshwa damu mara mbili kwa wiki, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Twende tununue gitaa," akamwambia Shiundu siku moja.

"Haraka ya nini? Upone kwanza."

"Omwana wefwe, ndugu yangu, usinichezee akili. Nataka gitaa la kunipeleka nyumbani. Na nitalichagua mwenyewe, maana wewe utauziwa sanduku."

Shiundu alitaka kulia. Badala yake alitafuta kofia yake.

Walikwenda Kayole kwa Mutie, Mkamba aliyeacha kuchonga vinyago akawa fundi wa magitaa. Kibandani mwake lilining'inia gitaa moja jekundu la kutoka nje, linang'aa, lina sauti tamu hata Shiundu akaihisi kifuani. Kando yake kulikuwa na jingine alilolitengeneza Mutie mwenyewe kwa plaiwudi, kahawia, zito, halina urembo wowote. Bei yake haikufika hata nusu ya lile jekundu.

"Hili jekundu," Shiundu akasema.

"Hilo ni la kukaa sebuleni," Wanyonyi akamkata. "Leta hilo la maskini."

Akaketi kwenye kreti, akalituni polepole, akipumzika kila baada ya uzi mmoja. Kisha akaomba liwekwe juu ya mabati ya kibanda, juani, na juu yake Mutie apange mbao mbili. Baada ya saa nzima akataka literemshwe, lifungwe juu ya mkokoteni wa maji uliokuwa ukipita, lizungushwe mtaa mzima kwenye mashimo.

"Mzee wangu," Mutie akalalamika, "unanunua gitaa ama unanunua jembe?"

"Nanunua kitu cha kufika nyumbani Kimilili juu ya basi, kijana wangu. Wewe tulia tu."

Liliporudi lilikuwa na vumbi na mkwaruzo mmoja. Wanyonyi alipiga uzi mmoja mmoja, ameinamisha kichwa. Zote zilikuwa palepale isipokuwa ule mwembamba wa mwisho, uliokuwa umelegea kidogo. Akaurudisha, akamshika Shiundu mkono na kumfanya aizungushe skrubu ile mwenyewe.

"Nusu duru. Umehisi? Huyu ndiye mtundu. Ukifika, nusu duru tu, usiguse kingine. Ahidi."

Shiundu akaahidi.

Wanyonyi alikufa wiki tano baadaye, Jumanne. Jumatatu yake alikuwa amelituni gitaa akiwa kitandani, akamwambia mkewe Nasambu asiruhusu mtu kuligusa.

Asubuhi ya safari, vijana wa chama walipokuwa wakipakia viti kwenye keria, walinyoosha mikono wapewe gitaa. Shiundu hakulitoa. Nyuzi zile zilikuwa zimekazwa na mkono wa Wanyonyi, na hakukuwa na mkono mwingine wa kuzikaza tena. Basi akalipakata kutoka Nairobi hadi Kimilili, amelikumbatia, amelizungushia koti lake, akikataa hata kuteremka kwenda haja Nakuru. Watu walimwonea huruma. Gitaa la kustahimili mbao na mashimo likasafirishwa kama mtoto mchanga.

Kaburini, jeneza lilipowekwa chini ya turubai, Shiundu alilitoa gitaa kwenye koti. Alipiga mara moja kujaribu, na Javan mpiga ngoma akaitikia kwa kichwa, tayari kuanza. Lakini Shiundu alikuwa na ahadi. Akaishika skrubu ya mwisho, akaizungusha nusu duru, kwa uangalifu, machozi yakimtiririka. Hakugusa kingine.

Kisha akapiga. Vidole vilikwenda vizuri, hilo alilijua. Ila aliona bibi mmoja wa mstari wa mbele akikunja uso. Aliona waimbaji wakianza, wakasita, wakaanza tena kwa sauti kubwa zaidi, mishipa ya shingo imewatoka. Akasimama, akamtazama Nasambu.

"Shemeji, iko sawa?"

Nasambu akaitikia kwa kichwa upesi mno. "Iko sawa, shemeji. Piga tu."

Shiundu akarudi kwenye nyuzi. Alizipiga nyimbo zote tatu hadi mwisho, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Siku ya pili, basi likirudi Nairobi, gitaa lilikuwa juu ya keria kati ya sufuria. Shiundu alikaa karibu na Javan, akamwekea mkono begani.

"Niambie ukweli."

Javan alitazama dirishani kwanza. Kisha akaongea karibu na sikio lake, kwa nguvu, neno moja moja.

"Lilikuwa sawa, mzee. Ulipojaribu mara ya kwanza lilikuwa sawa kabisa. Ni pale ulipozungusha."

Shiundu akatikisa kichwa kama anayehesabu kitu. Mabati, mbao, mkokoteni, mashimo. Nusu duru ilikuwa ya gitaa lililopanda juu ya basi.

"Na mbona hamkuniambia? Watu wote wale?"

"Tungekuambiaje, na wewe unalia hivyo?"

Walipopita Eldoret Shiundu aliinua macho kuelekea keria.

"Wa kuniambia," akasema mwishowe, "tumemwacha kule."