Baraza ya Bi Mwanaesha

Mtu akikwambia Kenga wa nyuma ya Ndia Kuu hakuwa fundi, mwambie anyamaze asijitafutie dhambi za bure. Kenga alikuwa fundi. Makasha yake wenye maduka waliwauzia wageni wakiapa kwa vidole viwili kuwa ni ya zama za mababu, na huku vumbi la randa halijayatoka vizuri. Tabu yake haikuwa mikono. Tabu yake ni kuwa aliipenda mno kazi ya mikono yake, na siku moja tu, kwa robo saa tu, alisahau kazi ile ilikuwa ya nini.

Alikuja mjini kutoka Kaloleni na msumeno mmoja na nguo za kubadili. Aliyemfungulia chumba cha chini cha nyumba yake afanyie kazi ni Bi Mwanaesha, mke wa Badawi, aliyekuwa baharia. "Kelele za nyundo zitanifaa," alisema. "Wevi watadhani mume wangu yupo." Hapo ndipo Kenga alipofanyia kazi miaka ishirini na mmoja. Mkristo yule, lakini kila Ramadhani sahani ya futari ilimshukia kama mfungaji, na kila Krismasi yeye na mkewe Sidi walitoka Tudor na watoto wao kuja kumwamkia Bi Mwanaesha kabla ya kumwamkia mtu mwingine yeyote. Bibi akimwita mwanangu, hakuwa akimwita hivyo kwa mazoea ya mdomo.

Sasa, Bi Mwanaesha alikuwa na dada mkubwa, Bi Rukiya, tumbo moja, ziwa moja. Rukiya aliolewa na mtu wa kisiwa cha Ngazija akachukuliwa huko, na mara ya mwisho wawili hao kutiana machoni ilikuwa mwaka wa sabini na mbili. Walibaki na barua. Mwaka wa tisini na nne Bi Mwanaesha akateleza ngazini akavunjika nyonga, na mfupa ukaunga vibaya. Kukaa kitini zaidi ya nusu saa hawezi. Ndege haikuwa na pahali pa kumlaza, na kulala melini katikati ya macho ya watu, aa, yeye alisema bora kaburi. Rukiya akaandika kuwa atakuja yeye. Umri nao ulikuwa umeshapita sabini kwa wote wawili, na kila barua ilikuwa na neno lile lile: tuonane, kabla.

Badawi ndiye aliyezua shauri la gari. Alikuwa amestaafu, na katika safari zake za Ulaya aliona mambo. "Kule," alimwambia Kenga, "watu wazima wanaingiza nyumba zao melini. Nyumba, bwana! Ina kitanda, ina jiko, ina choo, yenye injini mbele. Mzee na bibi yake wanaendesha hadi ndani ya meli, asubuhi wako nchi nyengine. Mke wangu atakwenda Ngazija juu ya kitanda chake." Siku hizo palikuwa na meli iliyochukua abiria na magari, ikitoka Kilindini kupitia Unguja hadi Ngazija, na kurudi ilipotoka kila baada ya siku kumi na mbili. Badawi akanunua gari refu kuukuu la kusambazia mikate, la tanuri lililofunga biashara, akaliegesha katika kiwanja kidogo ubavuni mwa nyumba. Bi Mwanaesha akamwandikia dada yake: usije, tusije tukapishana njiani. Nakuja na nyumba yangu.

Miezi mitano Kenga alilishughulikia gari lile. Kitanda alikitia kimo cha kumfaa mgonjwa kushuka bila kuinama. Choo alikipa mlango wa kukunja. Vyungu alivipa kingo visitoroke meli ikiyumba. Mvua ikinyesha gari lote lilinukia mkate, na watu wakimpitia wakimtania, "Fundi, tupe boflo mbili!" Naye akicheka. Alikuwa na raha, Kenga, raha ya mtu anayejua kazi yake itamfikisha mtu anapotaka.

Siku moja walimshusha Bi Mwanaesha kuja kuliona. Akapapasa kitanda, akafungua makabati, akashukuru sana. Kisha akacheka.

"Zuri, mwanangu, maashallah. Lakini nyumba isokuwa na baraza si nyumba. Ni sanduku."

Ni mzaha huo. Hata Badawi alicheka. Lakini Kenga usiku hakulala. Kwani uongo? Nyumba gani ya Mji wa Kale haina baraza? Mtu atafika kwa dadake baada ya miaka ishirini na tatu, wakae wapi waseme watu? Akamwendea Badawi, na Badawi akakataa. "Mkia wa gari uache ulivyo, Kenga. Refu linatosha." Lakini Badawi alipokwenda Unguja wiki mbili kushughulikia vibali, Kenga akaijenga baraza kama zawadi. Mihimili miwili ya mvule aliitoa chini ya gari, ikatokeza nyuma hatua nzima, na juu yake akaweka ubao wa kukalia watu wawili, wenye egemeo la mawaridi na majani aliyoyachonga kwa mkono. Ilikuwa chini chini, shibiri mbili kutoka ardhini, ili Bi Mwanaesha asipande kitu. Badawi aliporudi alitikisa kichwa, lakini mkewe alikuwa ameshakaa pale.

Na msidhani Kenga hakupima. Alikwenda Kilindini meli ilipokuwa gatini, saa kumi za jioni, akaomba ruhusa, akapima mlango wa meli mapana na marefu. Ule mlango ni wa chuma, ukishushwa unalala kati ya meli na gati, magari yanapita juu yake kama daraja. Siku ile ulikuwa umelala sawasawa kama mkeka. Akapima kimo cha baraza, akaona inapita bila kugusa, akarudi nyumbani akipiga mbinja. Maji yalikuwa yamejaa. Na mtu huyu, jamani, akivuka Likoni kwa feri kila mwezi kwenda kutafuta mbao! Ameona mara ngapi malori yakikwaruza matumbo maji yakiwa yametoka? Lakini aliyapima maji ya saa kumi akayachukulia kuwa ndiyo bahari yote.

Siku ya safari ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kiasi. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yametoka hata mawe ya chini ya gati yanaonekana, na meli imezama chini huko kama iliyo shimoni. Ule mlango ulikuwa mteremko. Badawi alikwenda ofisini kugongewa muhuri kitabu cha gari, maana gari nalo lina pasi yake, akamwachia Kenga usukani. Bi Mwanaesha alikuwa ndani kitandani, amejifunga buibui, kasha la zawadi za dada yake miguuni, dirisha la nyuma liko wazi.

Magari yaliingia kinyumenyume. Kenga akarudi nyuma pole pole, akashuka mteremko, na kabla magurudumu ya nyuma hayajafika sakafu ya meli akasikia kishindo. Baraza ilikuwa imegonga chuma cha sakafu. Akasonga mbele, akarudi tena, ikagonga tena.

Aliyesimamia upakiaji alikuwa Griffins, mtu wa bara, mpole lakini wa haraka. Akainama, akatazama, akasimama.

"Fundi, hiki kibenchi ndicho kinachozuia. Kikate. Robo saa, gari linaingia. Una msumeno?"

Msumeno anao. Kenga hakuwa mtu wa kutoka bila mkoba wake wa kazi. Akashuka, akautoa, akaenda nyuma ya gari akasimama mbele ya baraza. Akayaona mawaridi yale. Akaona lile jani moja lililomchukua siku nzima. Msumeno ukamwelemea mkononi.

"Maji yatajaa," akasema. "Tungojee kidogo tu, litaingia lenyewe. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja yaumiza matumbo," Griffins akamjibu. "Maji bado yanatoka, fundi. Meli inaondoka saa tano."

Kenga akainua uso kwenye dirisha. "Mama, tufanyeje?"

Bi Mwanaesha alimtazama pale dirishani. Alitaka kwenda, yule mama. Mikono yake ilikuwa imelishika kasha lile utadhani litaporwa. Lakini alikuwa mtu wa Mji wa Kale, na katika malezi yake mtu hamwambii aliyemtunza zawadi, ivunje.

"Wewe ndiwe fundi, mwanangu," akasema. "Utakavyoona."

Angemwambia kata, angekata. Wallahi angekata. Lakini aliachiwa yeye mwenyewe, na yeye aliona mbao. Akasimama pale akipima kwa macho, akasema labda wakitia vipande vya mbao chini ya magurudumu, akavitafuta, akavitia, ikagonga. Akasema labda wakiingia kwa pembe. Ikagonga. Abiria wakapiga kelele. Hapo ndipo Badawi alipotokea mbio, kitabu mkononi, akaona, na sauti iliyomtoka watu wa gatini hawajaisahau.

"Kata, Kenga! Kata!"

Kenga akapiga magoti akatia msumeno kwenye ubao wa kukalia. Alikata kama mwendawazimu, machozi na jasho vikimdondokea juu ya waridi. Ubao wa mvule haukatwi kwa majuto. Alikuwa ndiyo kwanza afike katikati Griffins alipomshika bega, akamwambia kwa upole aliondoe gari kwenye mlango, kwani ulikuwa unainuliwa. Husemwa majuto ni mjukuu. Ya Kenga hayakungoja ujukuu. Yalizaliwa pale pale, akiona maji yanapanuka kati ya gati na meli.

Njiani kurudi hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. Badawi alitazama dirishani. Bi Mwanaesha akasema, "Haikuandikwa leo. Siku kumi na mbili si nyingi kwa mtu aliyengoja miaka." Ni Sidi, usiku ule Tudor, aliyemwambia lililokuwa la kuambiwa. "Ulipenda ubao wako kuliko mtu," akasema, na akamgeuzia mgongo. Kenga alijua ni kweli.

Asubuhi yake alikwenda na msumeno kumaliza kazi. Bi Mwanaesha akamzuia. "Iache kwanza. Utaikata siku ya safari. Hebu nitoe nikakae." Wakamtoa. Na kila alasiri baada ya siku ile alikaa pale nusu saa yake, mto mgongoni, akiamkiana na wapitao, akiuliza habari za wagonjwa na za waliozaa. Alikuwa akikaa upande mmoja tu, kuume. Kushoto alipaacha wazi, na mtu akitaka kukaa humwambia kwa kucheka kuwa pana mwenyewe.

Siku ya saba kifua kikambana. Siku ya tisa akamwuliza Kenga meli iko wapi sasa, Kenga akamwambia imeshageuza, inarudi. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi umenoa msumeno?" Alfajiri ya siku ya kumi alifariki, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha zikwa.

Meli ilirudi siku mbili baadaye, siku ya khitma. Bi Rukiya alishuka nayo. Alikuwa amekwenda bandarini kwao kumpokea mdogo wake, akasimama hadi gari la mwisho likatoka, asione gari la mikate. Akajua pana jambo. Akapanda meli ile ile na mkoba mmoja, na habari za msiba akazikuta gatini Kilindini, kwa Badawi, aliyekwenda kutia barua ya kumpasha habari. Lau Bi Mwanaesha asingalimzuia kwa barua, angalikuwa ameshakuja miezi mitano nyuma. Yote hayo Kenga aliyajua, na aliyahesabu moja moja alipomwona ajuza yule anaingia nyumbani, na vilio vya wanawake vikapanda juu ghorofani.

Alasiri Bi Rukiya alitoka nje kupunga hewa, ameshikwa mkono na jirani. Ni sura ile ile ya Bi Mwanaesha. Kenga ilibidi aangalie chini. Akaja moja kwa moja hadi kwenye gari.

"Ndicho chombo chenyewe hiki?" akauliza. "Na baraza yake hii. Aliniandikia, ati Kenga amenijengea baraza ya watu wawili, tutakaa mimi nawe kama zamani, tuseme watu mpaka tuchoke."

Akajishusha akakaa. Alikaa kushoto. Akapapasa egemeo, akapitisha vidole juu ya waridi, juu ya majani, akasema maashallah, mikono iliyofanya kazi hii Mungu aibariki. Kenga alisimama karibu naye, hana pa kwenda. Kisha mkono wa bibi ukashuka kwenye ubao wa kukalia, ukaingia katika ule mkato, ukasita.

"Lo! Na hapa? Nani huyu aliyetaka kukata kitu kizuri hivi?"

"Ni mimi, mama."

Bi Rukiya akamtazama. Akautazama tena mkato, ulioishia katikati ya ubao.

"Mbona basi hukumaliza?"

"Nilichelewa kuanza, mama," akasema Kenga.