Mpenzi wa Pili wa Orkestra Vumbi

Watu wengi wakisikia jambo hili wananiuliza kama nilikuwa nimekunywa. Sijawahi kunywa. Wengine wanasema nilikuwa nimelala nikaota. Mtu analalaje akiwa amesimama, alasiri, jua linachoma kichwa na ngoma inapigwa mbele yake? Niliyaona kwa macho yangu, hapa Musonoi, mtaa wa wachimba shaba, miaka ile tulipokuwa tunaitana "citoyen", yaani raia, na baba zetu wanavaa abakosti, zile suti zisizo na tai. Naandika polepole kwa sababu nilisoma shule ya msingi tu, lakini sijaongeza neno.

Kwanza ujue ile orkestra. Wakati ule redio ilikuwa inapiga orkestra kubwa za Kinshasa, na vijana wengi hawakutaka kitu kingine. Mimi nilipenda Vumbi. Walikuwa vijana wanne wa mtaa wetu. Gitaa zao mbili walizitengeneza wenyewe kwa mbao na madebe ya mafuta, nyuzi zilikuwa waya za breki za baiskeli. Ngoma ilikuwa pipa. Sauti ilipitia redio kuukuu, na betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati mpaka zirudishe nguvu kidogo. Nyimbo walitunga wenyewe, na hazikufanana na kitu chochote ulichosikia. Mwimbaji alikuwa Kabwe, jirani yangu, alinizidi miaka mitatu. Akiimba, niamini, akina mama waliokuwa wanatwanga mihogo walichelewesha mchi ili wamfuate.

Mimi sikupiga kitu. Kusema mbele ya watu sikuweza; hata darasani mwalimu akinisimamisha nisome, koo lilikuwa linajifunga. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno. Kabwe alitunga akitembea, hakushika kalamu. Mimi niliandika katika daftari, sisi tunasema kaye, herufi moja moja, kwa wino wa bluu, na kiitikio kwa wino mwekundu. Vijana wengi walikuwa na kaye za nyimbo. Tuliazimana, huyu ananakili kwa yule, na kumnyima mpenzi mwenzako wa muziki kaye ilikuwa aibu.

Vumbi walikuwa na nyimbo tatu zilizokamilika: ya treni ya Kasaji inayochelewa, ya mke anayefunika bukari, yaani ugali, ya mume wa zamu ya usiku, na ya mvua inayosafisha Musonoi kwa asubuhi moja tu. Basi likatangazwa shindano la orkestra za vijana kwenye ukumbi wa Manika. Kila orkestra ingepiga wimbo mmoja, na washindi wangepelekwa Lubumbashi kurekodi redioni. Baba yake Kabwe alimwambia mbele yetu sote:

"Ukishinda, enda na ile gitare yako. Ukishindwa, siku ya kwanza unaingia kazi kwa karieri. Mi sitaki tena makelele mu nyumba."

Siku ya kwanza ni Jumatatu, na karieri ni lile shimo kubwa la shaba. Kabwe aliliogopa. Kwa hiyo unaelewa shindano lile lilikuwa nini kwake.

Mazoezi yalikuwa siku ya posho, yaani Jumamosi, katika lupango, yaani uwanja wa nyumba, la kwao Mutombo, mpiga ngoma. Mimi nilisimama kando ya ua, pahali pangu. Siku moja nikageuka, nikamwona kijana amesimama karibu nami. Shati jeupe, viatu vyeusi vinang'aa. Musonoi hakuna viatu vinavyong'aa. Unavipiga brashi mlangoni, ukifika barabarani vimekuwa vya rangi ya udongo.

Mara king'ora cha karieri kikalia. Vumbi wakanyamaza kama kawaida, wakishika vyombo vyao. Baruti ikapasuka, ardhi ikatikisika, na vumbi lote lililokuwa juu ya bati likatushukia. Nilijipangusa kichwa na macho. Yeye hakujipangusa. Hakuwa na kitu cha kupangusa.

Utaniuliza: uliona hivyo, kwa nini hukukimbia? Kwa sababu aliniinamia na kusema:

"Gitare ya pili iko nachelewa kidogo nyuma ya ngoma. Njo maana iko tamu."

Hilo ndilo nililokuwa nalifikiri miezi yote ile na sikuwa nimemwambia mtu. Hata Kabwe hakujua. Wewe kama umewahi kupenda muziki peke yako, unajua inakuwaje kukutana na mtu kama huyo.

"Mi niko mupenzi ya Vumbi," akasema. "Kama weye."

Tulizungumza mpaka mazoezi yakaisha, na koo langu halikufunga hata mara moja. Mutombo akaniona, akapaza sauti:

"Ee, muangalie! Bubu yetu amepata mutu ya kusemezana naye! Na viatu bile! Ni mutoto ya nani, ya mukubwa wa kazi?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilifurahi. Yule kijana akaniambia anakaa avenue ya pili, nyumba ya mwisho, karibu na karieri. Akaomba kaye anakili wimbo mmoja, ule wa treni. Nikampa. Akakaa juu ya jiwe, akaandika, akanirudishia kaye safi kama nilivyompa.

Siku ya posho iliyofuata nilimwambia Kabwe waanze na ile ya treni.

"Treni gani?" akasema.

Nilidhani ananitania. Nikamtazama mpiga gitaa, nikamtazama Mutombo. Hakuna aliyeijua. Nikafungua kaye, maneno yalikuwa pale, mwandiko wangu. Kabwe akayasoma kwa sauti kama mtu anayesoma karatasi ya dawa. "Ni mazuri," akasema. "Nani alitunga? Sauti yake iko namna gani?"

Ningemwimbia mstari mmoja tu, labda angekumbuka. Nilikuwa nao wote, mwanzo mpaka mwisho. Nikafungua kinywa. Wote wanne wakanitazama. Nilisimama hivyo, kinywa wazi, jasho likinitoka, mpaka Mutombo akasema, "Mupatie mayi, atakufa," wakacheka, wakaendelea na wimbo mwingine.

Yule kijana alikuwa tayari kando ya ua. Nikaficha kaye ndani ya shati. Hakuiomba. Alianza tu kuimba polepole ule wimbo wa bukari, na akakosea. Aliweka jioni pahali ambapo wimbo unasema asubuhi.

"Hapana," nikasema. "Ni asubuhi."

"Ah. Na kisha inaenda namna gani?"

Nikamwimbia wote. Ndiyo, mimi. Sauti ilitoka nzuri, haikutetemeka. Nilipomaliza alikuwa amefumba macho kama mtu aliyekula akashiba. "Aksanti, ndugu yangu," akasema. Nikageuka, nikasikia Kabwe anawaambia wenzake, "Bon, tuko na wimbo moja tu, ile ya mvua. Tuipige muzuri." Nilipogeuka tena, kando yangu hapakuwa na mtu.

Kesho yake, baada ya misa, nilienda kumtafuta. Nilitaka kumwomba arudishe, sijui hata ningemwambia vipi. Nilifika ukingoni mwa karieri, nikamkuta mzee mlinzi amekaa juu ya ndoo.

"Tata, avenue ya pili iko wapi?"

Alinyoosha fimbo yake kuelekea hewani, juu ya shimo. "Uko unaiangalia. Bale batu balihamishwa zamani, karieri ikakula pale pote. Weye ulikuwaka hata ujazaliwa."

Basi nikasikia. Kutoka chini kule, ambako siku ile hakukuwa na gari wala mfanyakazi, kulikuwa na watu wengi wanaimba wimbo wa treni. Kisha ule wa bukari. Gitaa ya pili ilichelewa kidogo nyuma ya ngoma, sawasawa. Nitakwambia jambo la aibu: ilikuwa tamu kuliko walivyopiga Vumbi. Sikukimbia. Nilibaki pale mpaka zikaisha, na zilipoisha nilitaka zianze tena.

"Mutoto," mlinzi akasema, "uko natikisa kichwa ju ya nini? Toka pale, utaanguka."

Nilimweleza Kabwe yote kwa kigugumizi. Akaweka kiganja juu ya paji langu la uso. "Weye uko na malaria," akasema kwa huruma. "Usikuwe na woga. Wimbo moja inatosha."

Siku ya shindano ingefaa nibaki nyumbani. Lakini ungebaki, wewe? Nilienda Manika nikiwa nimejifunga leso kwenye kinywa kama mtu anayeumwa jino, nikakaa nyuma kabisa. Ilikuwa mchana, ukumbi umejaa, watu wanajipepea kwa kofia. Hakukawia. Alikaa kiti cha kando yangu na viatu vyake vile vile.

Alianza wimbo wa mvua, akakosea. Niliuma leso. Akakosea tena, vibaya zaidi, akaharibu kiitikio kizima, na niamini, yale makosa yaliniuma mwilini kama mtu ananikanyaga kidole. Machozi yalinitoka. Sikusema kitu. Mwishowe akanyamaza, akaegemea kiti. Nikasema moyoni, nimemshinda. Jukwaani walikuwa wanaita Vumbi.

Hapo msichana aliyekaa mbele yangu akageuka. Alikuwa mzuri, alikuwa na mdogo wake wa kike.

"Yaya, weye njo ule anaandikaka maneno ya Vumbi, shi vile? Ile ya mvua inaishaka namna gani? Mi nasema mvua inarudia, huyu muloko yangu anakatala."

Hakuna msichana aliyewahi kuniita yaya, yaani kaka, wala kuniuliza kitu. Hakuna mtu aliyewahi kuniita yule wa Vumbi. Nilishusha leso. Nikamwinamia, nikamwimbia mstari wa mwisho, polepole, mstari mmoja tu, asikie kwamba mvua hairudi.

"Aksanti," sauti ikasema, karibu na sikio langu, upande ule mwingine.

Jukwaani mpiga gitaa alikuwa anatazama vidole vyake. Kabwe alikuwa amefika mbele ya maikrofoni, anatabasamu, amefungua kinywa. Akabaki hivyo. Ukumbi ukangoja. Mtu akapiga mluzi, kisha wengine, kisha kicheko kikaanza nyuma kikaenda mpaka mbele. Na Kabwe, akiwa pale juu, alianza kutafuta kati ya watu. Nilijua anamtafuta nani. Alikuwa ananitafuta mimi.

Nilisimama. Macho yetu yakakutana. Wimbo wote ulikuwa kifuani mwangu, na niliona kwamba kama ningeimba neno la kwanza tu, kwa sauti, kutoka pale nilipo, angelidaka. Koo likajifunga. Nilijaribu, Mungu anajua nilijaribu. Tukatazamana mpaka mtangazaji akaja akamshika mkono, akamshusha.

"Kwani hawa batu balikuwa na wimbo gani?" yule msichana akamwuliza mdogo wake.

Siku ya kwanza iliyofuata Kabwe aliingia kazini karieri. Mpaka leo yuko huko. Hanikasirikii, ananisalimia vizuri, ila haimbi. Kanisani anachezesha midomo tu. Vumbi walitawanyika, na yule kijana wa viatu sikumwona tena. Alishapata alichotaka.

Mwaka jana mama yake Kabwe aliniita ndani, akaniwekea kiti.

"Mwanangu," akasema, "Kabwe alikuwaka anaimba mu hii nyumba asubuhi na mangaribi. Najua aliimba. Lakini nikitafuta hata sauti moja mu kichwa, sipati. Weye ulikuwaka nao kila siku. Uniimbie. Kidogo tu."

Mama aliacha kazi zake zote, akaweka mikono juu ya magoti, akangoja. Nyimbo zote tatu ziko ndani yangu, kwa mpangilio, na kila pahali pa kuvuta pumzi. Sikuweza kutoa hata moja. Mwishowe akanigusa bega, akasema, "Haizuru, mwanangu," akarudi jikoni.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama kuna vijana mtaani kwenu ambao hawajulikani bado, na unawapenda, na unajua nyimbo zao kuliko wao wenyewe, nakuomba. Wapigie makofi. Wabebee vyombo. Waanikie betri. Lakini ukisikia mtu kando yako anakosea neno, hata kama linakuuma, hata kama anayekuuliza anakutazama vizuri, mwache akosee.