Dua Mwishoni mwa Video

Mama yangu ameuza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa tangu kabla sijazaliwa, na mpaka leo hajui kukaa mbele ya kamera. Yeye hukaa mbele ya maziwa, basi. Kamera ni shida yangu mimi. Nilianza kumrekodi miaka miwili iliyopita kwa simu niliyoiegemeza kwenye kopo la majani ya chai, bila nia yoyote kubwa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye likizo ndefu na mama mwenye maneno mengi.

Kwetu mama huitwa hooyo. Na mama naye humrudishia mtoto jina hilo hilo: "Hooyo, njoo ule. Hooyo, vaa viatu." Mgeni akisikia hudhani tumechanganyikiwa, hajui nani amemzaa nani. Mimi naitwa hivyo mara kumi kwa siku, hata nikiwa nagombezwa, na nimeshafika umri wa kugombeza watoto wa wenzangu darasani.

Video zilikuwa ndefu na hazikuwa na mambo. Hooyo anafukiza mitungi kwa kaa la mgunga kabla ya kutia maziwa. Hooyo anaonja maziwa yaliyofika asubuhi kutoka Modogashe, anafumba macho, anatangaza ngamia huyu alikula nini. Yakiwa yameharibika, hugeuka pembeni, hufunika mdomo kwa ncha ya shela na kuyatema kwa adabu. Alizungumza Kiswahili chake cha sokoni, kile ambacho mimi, mwalimu, nimekata tamaa ya kukisahihisha: "Maziwa habana taka haraka. Bole bole. Wewe ngoja yeye, yeye takuja fizuri."

Halafu, mwisho wa kila video, aliacha kila kitu. Alipangusa mikono, akanyamaza muda mrefu hata nikawa naangalia kama simu imezimika, kisha akainua viganja na kuomba dua kwa Kisomali. Ilikuwa ile ile kila mara: "Ewe Mola, kila aliye safarini mpe kivuli mchana na mwenyeji mwema jioni. Aliyeondoka na njaa, ashibe. Aliyeondoka bila kuaga, mchunge kama aliyeaga."

Watazamaji waliitikia amin. Wengine walidhani ni desturi ya wauza maziwa. Nyumbani sote tulijua anaombewa nani, na hakuna aliyesema.

Aliondoka mdogo wangu wa kiume, miaka minne sasa. Kwetu msafiri huinamisha kichwa mbele ya mama yake, mama akaweka kiganja, akaomba, kisha akamsindikiza hatua kadhaa nje ya ua. Mdogo wangu alitaka kwenda Afrika Kusini kwa njia ya barabara, kufanya kazi katika duka la jamaa. Hooyo alikataa. Njia hiyo ilikuwa imemmeza kijana wa jirani, na mama yake hakupata hata kaburi la kulilia. Basi mdogo wangu akangoja mpaka Hooyo alipokwenda Bura kwenye msiba, akachukua begi, akaenda. Kichwa hakikuinama na kiganja hakikuwekwa. Hooyo aliporudi alikuta shati moja kwenye kamba, bado lina unyevu.

Tangu siku hiyo hakutaka kuongea naye. Simu ikilia nami nikisema ni yeye, Hooyo alikumbuka ghafla kwamba kuna kitu kinaungua jikoni. Na lile jina la hooyo alimnyang'anya. Akawa anamwita "yule." "Yule ni mzima?" aliuliza, macho yakiwa kwenye mtungi. Nilimjibu ni mzima. Basi, mazungumzo yameisha, naye alisugua mtungi ule mpaka nikauonea huruma.

Mdogo wangu alitazama kila video. Hakuandika neno hata siku moja, lakini nilijua, kwa sababu tukiongea aliniambia, "Abaayo, siku hizi anainuka kwa kushika goti," au, "Mwambie asikae karibu na moshi hivyo." Abaayo ni mimi, dada. Sikumwambia Hooyo kwamba anatazama. Niliogopa akijua ataacha kuomba.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Mwaka huu ile programu ya video ilileta kipengele kipya. Unaipa video yako ndefu, yenyewe inatafuta sehemu inayovutia, inakata ukimya wote, inaongeza kasi, inaweka maandishi yanayorukaruka, na inakutolea kipande cha chini ya dakika moja. Swali lilikuja kwenye kioo: nataka video zangu zote mpya zitolewe hivyo? Nilibonyeza kukubali nikiwa nimesimama foleni ya kuchapisha mitihani. Sikufikiri hata kwa muda wa kupiga chafya.

Siku hiyo hiyo nilikuwa nimewaandikia wanafunzi wangu wa Gredi ya Tano ubaoni: haraka haraka haina baraka. Niliwataka waieleze kwa mifano. Mwalimu wao alikuwa anatengeneza mfano nyumbani.

Watazamaji walimiminika. Programu ilikuwa imegundua kwamba watu wanapenda pale Hooyo anapotema maziwa. Ikalichukua tendo hilo la adabu, ikalirudia mara tatu kwa kasi, ikaweka na muziki wa kuchekesha. Vijana wa Nairobi wakaanza kuliiga. Sokoni walikuja watu wasionunua hata kikombe, wakamwomba ateme mbele ya simu zao. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji kwenye maziwa, namshukuru Mungu, lakini sifa zilinipanda kichwani vile vile. Nilikuwa naamka kabla ya alfajiri kuangalia namba zimefika wapi, kisha ndiyo natawadha.

Nilimwonyesha Hooyo kipande kimoja. Akakitazama mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Mbona naharakishwa kama mbuzi wa kupandishwa lori?" aliniuliza kwa Kisomali chetu cha nyumbani.

"Ndivyo watu wanavyopenda siku hizi, Hooyo."

"Watu gani?"

Nikacheka. Hakucheka. Akarudi kwenye makaa yake, na nikamrekodi tena siku iliyofuata, kwa sababu hakunikataza, na yeye akikubali jambo halipigii kelele. Aliomba dua yake mwishoni kama kawaida. Mimi niliisikia kwa masikio yangu kila wiki, ndiyo maana haikunipitia akilini kwamba wengine hawaisikii.

Mtu mmoja alinionya. Mama mmoja wa Wajir, mtazamaji wetu tangu mwanzo, aliandika chini ya kipande cha pili: "Dua iko wapi?" Niliyaona maneno hayo. Yalikuwa katikati ya mamia ya vicheko, nikayapita. Alirudia kuuliza wiki iliyofuata. Nikayapita tena, na leo nikikumbuka naona aibu.

Wakati huo huo tulikuwa tunangoja nikahi. Mdogo wangu alikuwa amechumbia msichana wa Garissa, familia tunayoijua, na abti yetu, yaani mjomba, ndiye angekaa mbele ya kadhi kwa niaba yake, kisha bibi arusi amfuate. Hooyo aliambiwa. Hakusema ndiyo wala hapana, ila siku moja nilimkuta ametoa kitambaa chake cha harusi sandukuni na kukianika juani. Nilijua maana yake. Sikumuuliza.

Alasiri moja abti akaingia uani bila hata kumaliza salamu. Alikuwa amekunja uso.

"Kijana amesimamisha nikahi," alisema. "Amesema wasimngoje. Watu wa yule msichana wananiuliza kosa la binti yao ni nini, na mimi sina la kuwaambia."

Hooyo alikuwa anapepeta majani ya chai. Aliendelea kupepeta, ingawa hayakubaki majani kwenye ungo. Kisha akaingia chumbani akarudi na kile kitambaa, akakikunja mara nne na kukirudisha sandukuni.

Nilitoka nje ya ua nikampigia mdogo wangu simu, na kusema kweli nilianza kwa matusi. Nilimwambia aliondoka kama mwizi na sasa anavunja nyumba kabla haijajengwa. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

"Abaayo," alisema, "Hooyo ameacha kuniombea."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Video sita sasa. Nazitazama mpaka mwisho, narudia, hakuna dua. Ilianza wiki ile mliyomwambia kuhusu nikahi. Nimeelewa. Hataki. Niliwahi kuondoka bila radhi yake, wallahi siwezi kuoa bila radhi yake pia."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Mtu aliyeondoka bila kuaga ana uso gani wa kuomba dua? Ile nilikuwa naipata bure. Nilidhani imeisha."

Nilikaa chini pale pale nje ya ua, kwenye mchanga, na nguo yangu ya kazini. Nilizipitia zile video sita moja moja. Maziwa, kutema, muziki, kicheko. Programu ilikuwa imekata kila pahali Hooyo aliponyamaza, na dua yake huanza kwa kunyamaza, basi ikahesabu kwamba video imeishia hapo. Na mimi ndiye niliyekubali.

Ilinibidi nimwambie Hooyo yote kwa pamoja: kwamba mwanawe anatazama, kwamba anaishi kwa ile dua, na kwamba binti yake msomi ameikata. Nilimwambia nikiwa nimeinamisha kichwa, kama msafiri. Nilitarajia anikasirikie. Ningeshukuru angenikasirikia.

"Wewe ulidhani naongea na nani miaka hii yote?" aliniuliza. "Na maziwa?"

"Ulijua anatazama?"

"Nilikuwa nikikohoa kwenye video, kesho yake wewe unaniletea dawa ya kifua bila mimi kusema kitu. Nani alikuwa anakuambia? Wewe hata nikianguka uko kwenye simu."

Abti alicheka. Mimi nililia, na sioni haya kulisema.

Nikampa simu ampigie. Akaisukuma. "Yeye aliondoka kimya na mji mzima ukajua. Dua yangu na yenyewe mji mzima uisikie. Weka kopo lako la majani ya chai."

Nilizima kile kipengele kwanza. Kilijificha ndani ya mipangilio kama siafu ndani ya nguo, na kiliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Hooyo akajifunga kile kitambaa cha harusi kichwani, akakaa kwenye kigoda chake. Hapakuwa na maziwa mbele yake. Alipangusa mikono ambayo haikuwa na kitu, akanyamaza.

Alinyamaza kwa muda mrefu kuliko siku zote. Jogoo wa jirani aliwika, pikipiki ikapita, abti akakohoa. Sikugusa simu. Nilimtazama mama yangu kupitia kioo kile kidogo, nikaona midomo yake inajaribu neno na kulirudisha, inajaribu tena, na ndipo nilipofahamu kwamba kwa wiki hizi zote programu ilikuwa inakata sehemu ambayo yeye anafanya kazi ngumu kuliko zote.

"Hooyo," alisema hatimaye.

Hakuwa ananiita mimi. Alikuwa anatazama kamera moja kwa moja, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Hooyo, inamisha kichwa." Akanyoosha kiganja mbele, akakiweka hewani, kwenye urefu wa kijana aliyepiga magoti. Akaomba dua yote tangu mwanzo. Alipofika kwenye aliyeondoka bila kuaga, akabadilisha. "Huyu ameshaaga," alisema. "Nimemruhusu aende, na nimemruhusu aoe."

Niliiweka video nzima kama ilivyo, ukimya wake na jogoo wake. Vijana wa Nairobi hawakuikaribia. Namba zilianguka na bado ziko chini, na mama wa Wajir ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika amin. Nilimjibu nikamwomba msamaha. Akaniuliza kama kuna mtu aliyekuwa anahitaji ile dua, nikamwambia ndiyo, tulikuwa wengi.

Kabla jua halijazama simu ililia. Nilisema ni yeye, na kwa mazoea niligeukia jikoni kuona nini kitaungua leo. Hooyo alinipokonya simu mkononi. Hajui kuishika, aliiweka mbele ya mdomo kama kikombe. Upande wa pili hakukuwa na neno, kilio tu cha mwanamume mzima kinachojitahidi kuwa cha chini.

Hooyo alimngoja. Hakumharakisha. Kilio kilipotulia, akamuuliza alichokuwa hajamuuliza kwa miaka minne.

"Hooyo, umekula?"