Vyuma Vinane Kwenye Pindo

Watu walimwita Fundi Koti kwa sababu mbili. Kwanza, pale mtaani hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kushona koti likakaa mabegani kama lake. Pili, yeye mwenyewe alikuwa havui koti. Jua liwake lisiwake, utamkuta ndani ya koti lake la kijivu, futi kamba shingoni, chaki nyuma ya sikio. Wateja walimtania kwamba hata mkewe hajapata kuyaona mabega yake.

Mkewe akisikia hivyo aliinamisha kichwa, akacheka na sindano yake. Yeye walimwita Mama Kifungo, kwa ajili ya binti yao aliyezaliwa mdogo kama kifungo cha shati, na sasa ana miaka minne na mdomo wa mtu mzima. Kazi ya Mama Kifungo pale chumba cha mbele ilikuwa vifungo, pindo na pasi. Kukata kitambaa hakukata. Mkasi ulikuwa wa mume, pamoja na vile vyuma vinane. Vilikuwa vipande bapa, kila kimoja nusu kilo, alivyokatiwa na fundi wa kuchomelea mageti. Alivipanga juu ya kitambaa kisiteleze mezani wakati wa kukata.

"Kushona, hata ukikosea unafumua," Fundi alizoea kumwambia. "Kukata, ukikosea ndiyo basi tena."

Halafu ikaja kansa, ikakaa kwenye koo la chakula.

Ilianza kwa kukwama tonge. Akawa anashushia maji. Mwishowe maji nayo yakaanza kukwama. Walipofika hospitali kubwa, daktari, mama mtu mzima aliyening'iniza miwani kwa kamba, aliwaeleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Dripu sita, kila baada ya wiki tatu. Ugonjwa hautaondoka, alisema, ila unaweza kusinyaa, koo likafunguka, mgonjwa akapata muda. Na kulikuwa na jambo moja la kuangalia: uzito. Fundi akishuka chini ya kilo arobaini na tano, dawa itasimama, maana mwili hautaweza kuibeba.

Mama Kifungo alisoma mpaka darasa la saba. Katika maneno yote ya siku ile, kilichomwingia kikakaa ni hiyo arobaini na tano. Juu yake kuna mume. Chini yake hakuna.

Basi akaanza kumlisha. Uji mwepesi, maziwa, mchuzi uliochujwa kwa kipande cha bitana safi. Kijiko kimoja, subiri. Kijiko cha pili, subiri. Kifungo alikaa miguuni pa baba yake akiiga sauti ya mama: "Kunywa, bwana, usinitie aibu mbele za watu." Fundi anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, uji wote unarudi shatini. Mama Kifungo anafuta, anaanza upya.

Nywele zikaondoka. Kucha zikaingia weusi. Vidole vikafa ganzi, sindano inaanguka na mwenyewe hana habari. Wateja nao wakapungua, si kwa ubaya. Mtu anaona haya kumpelekea mgonjwa suruali ya kupunguza.

Nyumbani hapakuwa na mizani, palikuwa na futi kamba. Kila Jumapili asubuhi Mama Kifungo alimsimamisha mumewe mlangoni penye mwanga, akampima kiuno kama mteja, akaandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa mwisho kabisa. Thelathini na mbili. Thelathini. Ishirini na nane na nusu. Suruali zake alizipunguza bila kusema, na Fundi alizivaa bila kuuliza.

Siku ya dripu walikaa kwenye viti virefu vya bluu, vimepangwa chini ya dirisha. Jirani yao alikuwa dereva wa lori mstaafu. Muuguzi akija kumtundikia chupa, mzee yule alisema, "Nijazie mpaka juu, binti yangu, nina safari ndefu."

"Huyo mpe dizeli," Fundi alidakia. "Mimi nataka petroli, sipendi moshi."

Dripu ya nne, mizani ilisema arobaini na sita. Kiti cha dereva kilikuwa wazi. Fundi alikitazama, akafunga kifungo cha juu cha koti, wala hakutania mtu siku hiyo.

Wiki mbili baadaye futi ilisoma ishirini na saba. Mama Kifungo hakuhitaji kuambiwa. Mchana wa siku ya pili, mumewe alipopitiwa na usingizi, alilitoa koti la kijivu kwenye msumari, akafumua bitana kwa wembe, akachukua vyuma vinne mezani. Kila kimoja alikifunga kwa flaneli na kukishonea mfuko wake ndani ya pindo, kisije kikagongana na kingine. Kisha akarudisha bitana kwa mishono midogo midogo, ile aliyofundishwa na mumewe mwaka waliooana. Hakujiona mwongo. Alijiona anafanya kazi yake ya siku zote, kurekebisha kinachopwaya.

Siku ya dripu ya tano, muuguzi wa mizani alikuwa dada mnene, mcheshi, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Vua koti, Fundi."

"Kwa baridi hii ya dawa zenu? Nikivua nitagonga meno mpaka yaishe."

"Haya panda, mbishi wewe." Akasoma. "Arobaini na sita! Hata robo haijapungua! Mama, hebu niambie, unamlisha nini huyu?"

Mama Kifungo alitabasamu huku jasho likimteremka kwapani. Siku hiyo walirudi nyumbani akiwa anaimba kichinichini, na Fundi akimtazama kwa pembeni.

Dripu ile ilimpiga Fundi kuliko zote. Mdomo ulijaa vidonda, homa ikapanda, tumbo likamwendesha mpaka akawa wa kubebwa. Siku nne alilala akitazama ukuta, hataki neno.

"Baba amekasirika?" Kifungo aliuliza.

"Amechoka, mwanangu."

"Amechoka sisi?"

Mama Kifungo alimpa mtoto mkebe wa vifungo apange kwa rangi. Imebaki moja, alijiambia. Moja tu, halafu koo litafunguka.

Jumapili kabla ya dripu ya sita, kiuno kilikuwa inchi ishirini na tano na nusu. Alipima mara mbili. Akatia vyuma vyote vinane. Upande wa kulia, karibu na mfuko, bitana ilikuwa imechakaa na isingestahimili, kwa hiyo kulia akaweka vitatu, kushoto vitano.

Asubuhi ya safari Fundi alivaa koti, akasimama ameshika mlango. Mama Kifungo alidhani ni kizunguzungu. Fundi aliitazama meza ya kukatia, ilivyokuwa tupu, akasema tu, "Twende, mama."

Kutoka getini mpaka wodini alipumzika mara tatu.

Kwenye benchi la kungojea mizani walimkuta bibi mmoja wasiyemjua, mwenye kisirani. "Kila nikija hapa mizani, kila nikija mizani! Kwani mimi gunia la mkaa?"

Muuguzi alicheka. "Usinune, bibi yangu. Dawa yenyewe tunaipima kwa kilo zako. Ni dawa kali, inapiga kibaya na kizuri. Kilo zikiwa chache tunakupa kidogo, zikiwa nyingi tunaongeza. Kama mama anavyompimia mtoto dawa ya homa. Tukikosea kilo, tumekosea dawa."

Mama Kifungo aliijua dawa ya homa. Aliujua ule mstari kwenye kikombe chake kidogo, alivyokuwa akiuinua usawa wa jicho, hataki tone lizidi. Aliziona zile siku nne za ukutani, moja baada ya nyingine.

"Vua koti," alimwambia mumewe.

"Nasikia baridi."

"Vua, Baba Kifungo. Nakuomba, vua." Alianza kumfungua vifungo alivyovishona mwenyewe, vikamshinda.

Fundi aliushika mkono wake. Alisema polepole, yule bibi wa benchi asisikie. "Kushoto umeweka vitano, kulia vitatu. Koti limeinama kama mlevi. Nimeona aibu njia nzima, fundi mzima kutembea na kitu kama hiki."

"Ulijua?"

"Koti langu mwenyewe, nisilijue? Hata ile mara ya kwanza nilijua kabla sijafunga kifungo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Siku ile ulirudi unaimba. Nikasema, acha nivibebe."

Hapo machozi yakamshinda Mama Kifungo. Akamweleza alichokisikia, maneno yakigongana: kwamba walimpimia dawa pamoja na vyuma, kwamba ile ya tano haikuwa dawa yake, ilikuwa ya mtu mwingine mwenye mwili. Fundi aliinamisha kichwa. Alitazama viatu vyake.

"Hilo sikulijua," alisema.

Akavua koti mwenyewe, akamkabidhi muuguzi. Mkono wa muuguzi ulishuka nalo. Alilipapasa pindo, akamtazama mama, akamtazama baba, kisha akalitundika nyuma ya kiti. Kiti kikaanguka chali. Hakuna aliyecheka, hata bibi wa gunia la mkaa.

Mizani ilisema arobaini na moja.

Kwa daktari, Mama Kifungo alisimama akaeleza yote, vyuma vingapi, lini, upande gani. Daktari alishusha miwani kifuani.

"Mara ile ni kilo mbili," alisema. "Dawa iliyozidi ni kidogo sana, mama. Ungeniambia, ndiyo. Lakini si hiyo iliyomfikisha hapa. Ni ugonjwa."

Mama Kifungo alitikisa kichwa kukubali. Hakuamini. Hakuamini siku ile, wala mwaka ule, wala miaka iliyofuata.

"Na hii ya sita?"

"Hatutampa."

"Akiongezeka? Nikimlisha akaongezeka?"

Daktari alifunga faili. "Nitawaandikia dawa ya maumivu. Nzuri. Asiumie bure."

"Asante, daktari," Fundi alisema, kama mtu aliyerudishiwa kitambaa chake bila kushonwa.

Walifika nyumbani alasiri, wakamchukua Kifungo kwa jirani. Fundi hakutaka kulala. Alikaa mezani, akaomba wembe, akaanza kufumua pindo la koti. Ilimchukua muda, vidole havina habari na wembe. Mama Kifungo alitaka kumsaidia akakatazwa kwa jicho. Chuma kimoja kimoja kilitoka kwenye flaneli yake, kikarudi mezani mahali pake.

"Nipe kile kitambaa cha bluu," alisema alipomaliza.

"Cha nini?"

"Sare ya shule ya huyu bibi mdogo."

"Shule si bado miaka miwili?"

"Najua bado miaka miwili. Ndiyo maana unakata leo."

"Nani anakata? Mimi sijui kukata."

"Basi umepata mwalimu. Mkali, ila wa bure."

Kifungo alipandishwa juu ya kigoda, akapimwa. Alijinyonganyonga. "Baba, unanitekenya!" Fundi alitaja kila kipimo na kukiongezea, akikisia atakavyokua kwa miaka hiyo, na Mama Kifungo aliandika kwenye daftari, ukurasa ule ule wa mwisho, chini ya ishirini na tano na nusu.

"Urefu ongeza inchi nne, zote weka kwenye pindo. Pindo liache nene. Akiingia darasa la kwanza utashusha kidogo. La pili, tena kidogo. Usishushe zote kwa pamoja."

"Na zikiisha?" Kifungo aliuliza.

Mama yake alimteremsha kwenye kigoda.

Walitandaza kitambaa, wakapanga vyuma vinane. Fundi alichora kwa chaki, mstari ukatetemeka, akaufuta kwa kiganja, akachora tena. Kisha akaushika mkasi. Aliufungua. Kuufunga, vidole vilikataa. Alijaribu tena, na tena. Halafu akauweka mezani, akausukuma upande wa mkewe, akaegemea kiti na kufumba macho. Mkono mmoja ulibaki juu ya chuma cha karibu.

"Usikate kwa ncha," alisema. "Kata kwa tumbo la mkasi. Usisimame katikati."

Mama Kifungo alianza. Inchi sita za kwanza zilikwenda vizuri. Ya saba macho yakamjaa maji, mkono ukasita, mkasi ukaruka nje ya chaki na kula kitambaa upande wa ndani, kipande cha ukubwa wa ukucha. Alisimama. Alisubiri kusemwa.

"Umenyoosha?" Fundi aliuliza, macho bado yamefumba.

Maisha yake yote alikuwa akiujua mkasi kwa mlio. Akiwa kwenye cherehani, amempa mgongo mtu anayejifunza kukata, alikuwa anasikia ulipopotea.

"Nimenyoosha," alisema Mama Kifungo.

"Haya. Endelea."

Akaendelea kukata.