Kitabu Tulichokianzia Mwisho

Harufu ya mawese ikiniingia puani, hata ikitoka jikoni kwa jirani, huwa nauona ukurasa. Una msichana aliyesimama peke yake kwenye kituo cha treni, na begani kwake kuna alama ya kidole gumba cha mama yangu, nyekundu, mistari yote ya ngozi ikionekana. Mawese yakigusa karatasi hayatoki tena. Tena karatasi yenyewe hulainika ikawa inapitisha mwanga, na ukiiinua juani unakiona kilichochorwa upande wa pili. Mama alikuwa akiyauza kwenye soko lililokuwa jirani na kambi ya Mtendeli, si mbali na kijiji chetu kule juu Kibondo, na siku hiyo alikishika kitabu kwa mkono mmoja na kipimio kwa mkono wa pili, akiniuliza nimeiba wapi. Sikuwa nimeiba. Nilikuwa nimeazimwa na Divine, na nililia kwa ajili ya lile doa kuliko nilivyolia kwa ajili ya kofi.

Divine alikuwa mtoto wa wakimbizi kutoka Burundi, mrefu, mwenye maringo kidogo, na alinizidi mwaka mmoja. Mama yake alikuwa mteja wa mama yangu. Wao wawili walipoanza kubishana bei kwa Kiha na Kirundi, lugha ambazo zinaelewana kama ndugu wanaonuniana, sisi tulijua tuna saa nzima. Tulikaa nyuma ya madumu, kwenye gunia, tukasoma. Kitabu alikipata kwenye sanduku la vitabu vya msaada, hakina jalada mbele wala nyuma, na kilikuwa cha Kifaransa. Ndani kulikuwa na michoro ya Kijapani kutoka mwanzo hadi mwisho. Divine aliniambia vitabu vya namna hiyo vinaitwa manga. Nilicheka sana, kwa sababu manga niliyoijua mimi ilikuwa ya pilipili, ile ya kutia kwenye chai. Kifaransa sikukijua hata neno moja. Divine alikijua vizuri, kwao alikuwa akishika namba ya kwanza darasani, na aliniambia jambo hilo kila Jumamosi.

Basi akawa ananisomea. Ananionyesha picha, anasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, halafu ananieleza kwa Kiswahili chake. Hadithi ilianza kwa yule msichana wa kituoni, amesimama kwenye theluji ambayo mimi niliidhani unga wa muhogo. Hana mtu. Kisha tunamwona njiani, na kila tukifungua ukurasa anapungukiwa na majeraha. Kisha nyumba inaungua, na ukurasa unaofuata moto umekuwa mdogo, na unaofuata nyumba imesimama nzima, haina hata alama ya moshi. Kaka yake, ambaye hatukuwa tumemwona popote, anatokea mlangoni amevaa koti refu. Mwisho kabisa wapo watatu, mama, kaka na yule msichana, wamekaa sakafuni kwenye meza fupi, mvuke unapanda kutoka kwenye bakuli. Nilizoea hadithi zinazoanza vizuri zikaharibika. Hii ilianza kwa kuharibika ikatengenea, na niliipenda kwa moyo wangu wote.

Kulikuwa na mambo ambayo hayakukaa sawa, nakiri. Watu walijibu kwanza ndipo wakaulizwa. Namba chache zilizokuwa chini ya kurasa zilirudi nyuma, mia na tisini, mia na themanini, mia na sabini. Nikamuuliza Divine. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa.

"Yusta we, Wajapani ndivyo wanahesabu. Wanaanza kubwa, wanashuka."

"Na mtu atajibu vipi kabla hajaulizwa?"

"Wana akili. Wanajua utakachouliza. Wewe huna, ndiyo maana unauliza kila kitu."

Niliridhika. Tulikisoma kitabu kile mara nyingi, sijui ngapi, na kila mara tulipofika kwa kaka mlangoni Divine alibadilika sauti. Alisoma polepole. Kaka anasema, "Nimefika." Mama anasema, "Vua koti lako, huku ndani kuna joto." Hapo Divine alikawia kufungua ukurasa, nami sikumharakisha, kwa sababu nilijua habari za Fabrice. Fabrice alikuwa kaka yake mkubwa. Alivuka kurudi Burundi kuangalia nyumba yao na shamba, akasema ni wiki mbili, na ilikuwa imepita zaidi ya miezi kumi. Hakuna aliyempigia simu akampata. Nyumbani kwao jina lake liliendelea kutumika kila siku, kwa maana wazazi bado waliitwa Baba Fabrice na Mama Fabrice, na sikuwahi kusikia mtu akithubutu kuwaita vingine.

Kisha soko likafungwa, na baada ya soko zikaanza kusikika habari za kambi yenyewe kufungwa. Wengine walihamishiwa kambi nyingine, wengine walijiandikisha kurudi. Baba Fabrice aliandikisha watu wake kurudi, akisema kama mtoto haji, basi wao wamfuate. Siku Divine aliponiambia, tulikuwa kisimani, nje ya kijiji, mahali tulipozoea kukutana baada ya soko kufa. Kitabu kilikuwa kimekwisha kuachia uti wake, vipande viwili kamili. Akanipa kipande chenye nyumba, meza na kaka. Akabaki na kile cha kituo na theluji.

"Kwa nini mimi nipate kizuri?" nilimuuliza.

"Wewe kaa na nyumba. Mimi njia naijua." Kisha akaona nimeanza kulia, akanifinya mkono kwa hasira. "Ni kwa kuazima tu! Siku ya safari unanirudishia, mimi nakupa hiki. Siwezi kwenda kwetu bila nyumba. Unasikia?"

Nilisikia. Nilikula kiapo kwa kila kitu nilichokiheshimu wakati huo, nikianza na Bikira Maria na kuishia na baiskeli ya baba. Kile kipande nilikizungushia kanga iliyochakaa, nikakiweka chini ya godoro, na kila jioni nilitia mkono kuhakikisha kipo.

Wiki chache baadaye alipita nyumbani kwetu Mama Jeanine, jirani yao wa kambini, aliyekuwa akija kulima vibarua kijijini. Mama alimpa maji. Mimi nikamrukia hata hajamaliza kunywa, nikamuuliza kina Divine wanaondoka lini. Alikuwa amechoka, jembe begani, jasho linamtiririka. Alisema maneno machache tu: "Ba Divine? Bisi yabo, ejo." Akaurudisha mdomo kwenye kikombe.

Lazima nieleze neno hili, maana ndilo lililonitenda. Kwa Kirundi, na kwetu sisi Waha pia, ejo ni jana na ejo ni kesho. Ni neno moja. Mtu akisema sentensi nzima utajua tu ni lipi, kitendo chenyewe kitakuambia kama jambo limepita au linakuja. Lakini mtu mwenye kiu hasemi sentensi nzima. Basi lao, ejo. Na mimi, mwenye kitabu chini ya godoro na ahadi kifuani, nilisikia kesho, kwa sababu kesho ndiyo niliyoihitaji.

Siku hiyo nzima nilikuwa na furaha ya ajabu. Nilichota maji bila kutumwa. Mama alinitilia mawese kwenye chupa ndogo, akaifunga kwa nailoni, akasema nimpe Mama Fabrice ya njiani. Asubuhi nilisimama kando ya barabara ambako mabasi ya wanaorudi yalikuwa yakipita, nimevaa gauni la kanisani, kanga na kitabu kifuani, chupa mkononi. Nilishapanga kila kitu. Basi litapunguza mwendo kwenye tuta, Divine atakuwa dirishani, nitakimbia, nitamrushia nyumba naye atanirushia njia. Lilipita lori la mkaa. Zikapita pikipiki. Jua lilipanda mpaka mawese yakawa ya moto kwenye kiganja changu. Hakuna basi.

Alinikuta Mama Jeanine akirudi kutoka shambani na mzigo wa kuni.

"Unangoja nani, mwana wanje, mwanangu?"

"Basi la kina Divine."

Alitua kuni chini. "Nilikwambia, ejo!"

"Ndiyo. Ejo ndiyo leo."

"Oya, mwana. Hapana." Akanishika kichwa. "Walishaenda. Jana nakunywa maji kwenu, walikuwa wamekwisha kulala ng'ambo."

Niligombana naye. Nilimwambia alipaswa kusema vizuri, mtoto mdogo namkaripia mtu mzima barabarani, naye hakunikaripia. Baadaye sana ndipo nilipofikiri kwamba hata ningelielewa neno lile sawasawa nisingewahi, basi lilikuwa limekwisha kupita. Kosa langu halikunikosesha kitu chochote. Lilinipa siku moja zaidi ambayo Divine alikuwa bado yupo. Lakini wakati ule nilikaa chini kwenye vumbi na gauni langu la kanisani nikalia mpaka kwikwi, na kitabu kikabaki kwangu.

Sasa ninaishi Kasulu mjini. Nina kibanda cha kutoa kopi na kuchapa barua, na mlango unaofuata ni wa Shabani, anayewawekea watu muvi kwenye flashi. Watoto wa hapa wanajaa kwake wakitoka shule. Wanayajua majina ya wapiga panga wa Kijapani kuliko wanavyovijua vijiji vya Makere hapo jirani, na wanaitamka anime, hizo katuni za Kijapani, kwa mdomo mwepesi kama wanavyotamka chipsi. Mchana mmoja usio na wateja nilisimama mlangoni kwake, nikaiona kwenye kioo ile meza fupi, mvuke, na kaka mwenye koti. Nilipiga kelele mpaka Shabani akaangusha waya. Nikamwambia aniwekee yote, vipande vyote, mara moja.

Niliitazama siku tatu, kompyuta ya kazi ikiwa haifanyi kazi. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Wale watu walikuwa na sauti! Msichana alicheka kwa pua, jambo ambalo karatasi haikuniambia. Kulikuwa na muziki wa filimbi kila kaka alipopita. Kwenye kipande cha kwanza walikuwa mezani, na nikajiambia sawa, wanatuonyesha mwisho kwanza. Kaka akaondoka. Nyumba ikaungua, na moto haukurudi nyuma, uliendelea. Msichana akashika njia, majeraha yakaongezeka. Nilikuwa bado nangoja. Akafika kituoni, theluji ikamwangukia begani, pale penye kidole cha mama, maandishi yakaanza kupanda na muziki ukaisha. Nilikaa mbele ya kioo cheusi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Nilimwendea Shabani kwa shari. "Umeniwekea kinyume."

"Dada Yusta, kinyume vipi?"

Nikamwonyesha kipande changu cha kitabu. Alikigeuza mara moja tu mkononi. "Ah, dada! Hiki kinafunguliwa huku. Kulia kwenda kushoto, kama msahafu. Kwani nyie mliingilia wapi?" Kisha akaona amepata utani, akaongeza, "Si ndiyo maana kinaitwa manga, kama Manga kwa Waarabu?"

Alicheka peke yake. Mimi niliwaza kwamba tungekuwa na mtoto mmoja tu wa madrasa kwenye lile gunia, tungeharibiwa hadithi siku ya kwanza. Wakristo watupu, tumeingilia mlango wa kutokea, na hakuna wa kutuambia.

Au alikuwepo. Nilirudi kibandani, nikachukua simu, nikaielekeza kamera kwenye ukurasa wa kaka mlangoni ili initafsirie kile Kifaransa. Kaka hasemi amefika. Anasema, "Ninaondoka." Na mama hamwambii avue koti. Anamwambia alifunge vizuri, nje kuna baridi. Nilijaribu mara tatu, nikisogeza simu, nikifuta kioo. Divine alishika namba ya kwanza. Asingeweza kukosea maneno mepesi hivyo, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa sauti ile ya polepole. Alijua. Alikuwa akiyasoma yaliyoandikwa, ananyamaza, halafu ananiambia mengine, na mimi niliyejidai rafiki yake nilikuwa namsikiliza tu nikifurahia mvuke wa bakuli. Sikujua alikuwa akimrudisha Fabrice nyumbani mbele ya macho yangu.

Sijapata habari zake mpaka leo. Nimetafuta jina lake mtandaoni, nimekuta kina Divine wengi, wazuri, wanacheka, hakuna mwenye maringo yale. Sijui kama kule walimkuta kaka mlangoni. Sijui kama bado anayo njia. Mimi ninayo nyumba, ambayo si yangu, na kila mwaka inazidi kuchanika.

Juzi Rehema, mtoto wa dada yangu, alikifumania kitabu kwenye droo. Yeye ni mtazamaji mkubwa kwa Shabani, kwa hiyo alikifungua upande ulio sahihi bila kufundishwa. Nilimnyang'anya taratibu, nikakigeuza, nikamwambia hiki chetu kinaanzia huku. Alinitazama kwa huruma, kama anavyomtazama bibi yake akishika simu, lakini akakaa. Tulikwenda ukurasa kwa ukurasa mpaka mlangoni. Hajui Kifaransa. Akaweka kidole chake juu ya kaka mwenye koti.

"Huyu anasema nini, mama mdogo?"

Nilisoma kwanza kimoyomoyo. Kisha nikamwambia, "Anasema, nimefika."