Aliyetembea kwa Niaba ya Wegesa

Wegesa alikuwa mnene, na unene wake aliutafuta kwa jasho. Alizaliwa Genkuru katika nyumba ambayo ugali wa muhogo uliliwa kwa zamu, wavulana kwanza, na alipoolewa aliapa kwamba hatalala njaa tena. Hakulala. Kwa miaka mingi aliwauzia supu ya utumbo na chapati vijana wanaoponda mawe ya dhahabu karibu na mgodi, na hakuwa mtu wa kuuza kitu asichokionja. Mumewe alipofariki, wanawake wenzake walimsifu wakisema hata ujane haukumkondesha. Kwetu hiyo ni sifa, na asiyeamini aende msibani aone mjane aliyekonda anavyosemwa.

Kilichomkosesha raha ni mtoto wa kiume. Alizaa mabinti, wote wakaolewa, mmoja akavuka kabisa mpaka wa Sirari, na mji ukabaki na sauti yake peke yake. Akafanya walivyofanya wanawake wengi wa Kikurya kabla yake: akatoa ng'ombe, akaoa mke. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu. Mama anakuwa mwenye mji, mke wake anamlimia na kumchotea maji, na watoto atakaozaa kwa mwanamume aliyekubaliwa na ukoo wanakuwa wa mwenye mji. Hakuna aibu hapo, ni heshima.

Mke mwenyewe aliitwa Gati, binti mwembamba na mpole kutoka upande wa Issenye. Siku ya mahari mama yake alisema kwa sauti ya chini kwamba mtoto huyu utotoni alisumbuliwa sana na koo na maumivu ya viungo, kama mtu anayetaja ila ya mbuzi ili asije kulaumiwa baadaye. Wegesa hakusikiliza. Alishika viganja vya Gati, akaona sugu za jembe, akaridhika.

Mwaka wa pili wa ndoa hiyo watafiti wakaja. Walitoka chuo kimoja cha mjini, na walitaka kujua kama watu wanene wa vijijini wakipunguza mafuta na chumvi, wakala mboga na kutembea kila siku, mioyo yao itapata nafuu. Walibandika picha ukutani mwa zahanati: mtu mwenye kitambi, na kifuani mwake moyo uliozungukwa na mafuta ya njano. Wegesa akapimwa uzito, kiuno na presha, kisha akavalishwa bangili nyeusi ya mpira inayohesabu hatua na kusikiliza mapigo ya moyo mchana na usiku.

"Mama, usiivue hata ukioga," alisema Emanuel, mtafiti kijana aliyetembea na kishikwambi kwapani. "Na kumbuka, kutembea ndiyo dawa ya moyo."

Gati alikuwa amemsindikiza, amesimama mlangoni. Alilisikia neno hilo akalihifadhi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhifadhi maneno ya watu waliosoma.

Wegesa alijaribu. Alitembea mpaka kwa jirani na kurudi, akahema, akaketi. Tena mwanamke wa heshima yake azunguke njiani bila mzigo wala safari, watu waseme nini? Kwamba kachanganyikiwa? Zilipita siku chache tu, akamwita mke wake.

"Lete mkono. Si unashuka bondeni kuchota maji kila siku?"

"Nashuka, mama."

"Unamchotea nani?"

"Nakuchotea wewe."

"Basi, vaa."

Msimhukumu haraka. Hakuona kwamba anamdanganya mtu. Shamba analolima Gati ni la Wegesa, mtoto atakayemzaa Gati ni wa Wegesa, sasa hatua za Gati zingekuwa za nani? Ungewaita hata wazee wa ukoo wakae kikao, wangetoa uamuzi huo huo. Gati naye aliona sawa. Alivaa bangili mchana na usiku, akaivua tu siku za watafiti, ili mwenye jina lake aende nayo zahanati.

Emanuel alifurahi mno. Alisema hakuna mtu katika vijiji vyote aliyetembea kama mama Wegesa, akamsimamisha mbele ya wanawake wengine awe mfano. Uzito ndio uliomkunisha kichwa, maana haukushuka hata kidogo. Wegesa akasema huenda ni mifupa. Akapigiwa makofi, akarudi nyumbani akala kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo, na nyama ya mgongo, na siku hiyo alikuwa na furaha ambayo baadaye aliichukia.

Kisha Gati akapata mimba, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Kwanza alikuwa akisimama katikati ya mlima na ndoo kichwani, ametazama chini. Halafu miguu ikavimba. Halafu akaanza kulala ameegemea magunia ya mahindi, akisema akilala chali anahisi kama mtu amemkalia kifuani. Wegesa aliyaona yote haya na kuyapa majina yake: mimba changa, mimba kubwa, uvivu. Kikohozi kikavu kilipoanza alimpikia uji wa ulezi, akampa na asali. Alimpenda, hilo lisemwe. Alimpenda kama mtu anavyompenda anayebeba mtoto wake.

Safari iliyofuata Emanuel hakucheka. Alimtoa Wegesa nje, mbali na wenzake, akaketi naye kwenye benchi.

"Mama, usiku unalala vizuri?"

"Kama gogo."

"Mapigo yako ya usiku hayako sawa. Yanakimbia, yanaruka, yanakimbia tena, na wewe umelala. Pumzi haikukati?"

"Nikipanda kuja hapa nahema," alisema Wegesa, na hilo lilikuwa kweli.

"Basi usijichoshe na chochote. Nakuandikia uende hospitali wakupime moyo. Usichelewe, mama yangu, nakuomba."

Njia nzima ya kurudi mwili ulimsisimka. Wazo lilimjia, lazima niliseme: bangili hiyo, usiku, ilikuwa mkononi mwa nani? Lilimjia likiwa wazi kabisa, akalifukuza. Moyo mgonjwa ni wa mtu mnene, picha ipo ukutani. Gati alikuwa mwembamba kama mwiko. Bila shaka kifaa kilisajiliwa kwa jina la Wegesa, kikapimwa kwa mkono wa Wegesa, na watu wa mjini wana njia zao za kujua. Ndivyo alivyojituliza. Mtu anayeogopa kufa haulizi maswali ya wengine.

"Moyo wangu ni mgonjwa," alimwambia Gati jioni hiyo. "Wamesema nisijichoshe."

Gati aliacha kusonga ugali. Machozi yalimlengalenga. Kesho yake alishuka bondeni asubuhi, akashuka mchana, akashuka tena jua likiwa linazama. Ndoo zikajaa, pipa likajaa, mpaka sufuria za sikukuu zikajaa maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Wegesa, amelala kwenye mkeka kivulini, alimwona akipita na kupita, midomo imegeuka rangi kama aliyekula zambarau. Alidhani binti anahangaika kwa hofu ya kuachwa peke yake. Hakumwuliza.

Siku ya hospitali Simioni, bodaboda aliyemzoea, alimchukua mapema. Daktari Precious, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alimlaza, akampaka kifuani dawa ya baridi, akapitisha kipimo huku akitazama moyo kwenye kioo. Alitazama kwa muda mrefu. Wegesa alikuwa ameshaanza kumwomba Mungu msamaha wa mambo ya zamani.

"Mama, presha iko juu na uzito lazima tuupunguze," alisema daktari. "Lakini moyo wako ni mzima. Unapiga vizuri kabisa."

Wegesa hakufurahi. Alijua kabla hata hajaketi.

Daktari akarudia kuzisoma karatasi za watafiti alizokuja nazo Wegesa, akakunja uso. "Haya mapigo si ya moyo huu. Mama, bangili alivaa nani?"

Angeweza kusema hajui. Alifikiria makofi ya zahanati, akafikiria Emanuel atakavyomtazama. Kisha akasema.

"Mke wangu."

"Ana umri gani? Anaumwa?"

"Ni binti. Ana mimba. Analala ameketi." Akayataja yote, miguu, kikohozi, midomo, na kila alilolitaja lilitoka kama shtaka. Akataja hata koo na viungo vya utotoni, maneno yale aliyosemewa siku ya mahari.

Daktari Precious alikuwa ameshasimama. "Huo ugonjwa wa koo ukirudia utotoni huharibu milango ya moyo, mama. Mimba inaongeza mzigo, na kubeba maji mlimani ndiyo hatari kabisa. Mlete leo. Asitembee hata hatua moja."

Simu ya Gati iliita ikakatika, ikaita ikakatika. Simioni aliendesha kama anayefukuzwa, na Wegesa nyuma yake hakusema neno ila "kaza, kaza." Mji ulikuwa kimya. Ndoo moja haikuwepo mahali pake. Simu ilikuwa juu ya gunia, inawaka.

Njia ya bondeni pikipiki haipiti. Wegesa alimtuma Simioni akaite wanaume na kitanda cha kubebea, yeye akashuka mwenyewe, ameinua sketi, mawe yakiporomoka chini ya miguu. Hakuwa ameshuka huko tangu alipooa. Alimkuta katikati ya mlima, ameketi kando ya njia, ameegemea jiwe, ndoo pembeni yake imejaa mpaka ukingoni. Hewa aliivuta kwa vipande vidogo vidogo. Gati aliona viatu vya Wegesa kwanza, halafu akainua macho.

"Mama. Umetembea mpaka huku?"

Wegesa aliketi nyuma yake, akamwegemeza kifuani mwake asilale, akapitisha mkono na kumshika mbele. Chini ya kiganja ule moyo ulikuwa unakimbia, ukasimama, ukaruka, ukakimbia tena, kama Emanuel alivyosema.

"Hospitali wamesemaje?" Gati aliuliza.

"Usiongee, mwanangu. Watu wanakuja."

"Niambie. Moyo wako."

Alimwambia ukweli, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kutunga kingine. "Ni mzima. Wamesema ni mzima kabisa."

Gati akafumba macho, na uso wake wote ukalegea kwa furaha. "Nilijua," alisema. "Niliposikia unaumwa niliongeza safari. Leo hii ilikuwa ya nne, nikasema nimalizie, mama apone." Akajaribu kukunja miguu. "Nisaidie nisimame. Imebaki kidogo tu."

Wegesa akamkumbatia kwa nguvu zake zote ili asisimame, akapiga kelele kuelekea juu, akimwita Simioni, akiwaita wanaume, akimwita mtu yeyote. Kule juu hakukuwa na aliyejibu bado.